Granola niliyowawekea mwezi jana si ya bibi yangu: aibu ya nyumba yetu tangu enzi za Mjerumani, Mafia

Wakuu, habari za Jumapili.

Huu uzi nimekaa nao kichwani siku tisa. Naandika, nafuta. Naandika, nafuta. Leo nimeamua naandika mpaka mwisho na sifuti kitu.

Nitakayoyasema ni kweli. Mengi nilisimuliwa na mhusika mwenyewe kwa mdomo wake, machache nimeyaona kwa macho yangu. Sijaongeza chumvi. Kama kuna kitu ningefanya hapa, ni kupunguza, na hata hilo nimejizuia.

Mwezi jana niliweka uzi kule jukwaa la mapishi, unaitwa "Granola ya bibi yangu wa Mafia". Nikaweka na picha. Pepeta, nazi ya kukaanga, korosho, asali na iliki, unakula asubuhi na maziwa. Laiki zikamiminika. Mkuu mmoja akasema bibi yangu alikuwa mbele ya wakati wake. Nikajibu, "Ahsante mkuu, bibi alikuwa fundi."

Ule uzi nimeomba moda waufute, na wameufuta. Waliokuja kuniuliza kwa inbox umeenda wapi, majibu ndiyo haya.

Kwanza, kwa ambao si wa pwani: pepeta ni mpunga unaovunwa kabla haujakauka, unakaangwa na maganda yake, unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinakuwa bapa, halafu unapepetwa. Ukiutazama haraka unaweza kudhani ni zile oti za kwenye boksi. Sisi Mafia tumeila kabla hatujajua kuna kitu kinaitwa granola.

Sasa twende.

Mimi nina miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kirongwe. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani kusubiri kupangiwa kituo. Nikawa nakaa na bibi mzaa baba. Alikuwa anakaribia tisini, macho yameshaingia ukungu, lakini akili inakata kama wembe.

Asubuhi moja namtengenezea pepeta yake, nikamuuliza tu kwa kupiga soga: "Bibi, hii ulifundishwa na nani?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Nikadhani hajasikia.

Kisha akasema, "Epua hiyo nazi uje ukae hapa."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri.

Bibi yangu aliitwa Mwanakombo. Alizaliwa Chole, kile kisiwa kidogo kando ya Mafia, kitinda mimba, amelelewa kwa kudekezwa. Akiwa na miaka kumi na saba akaolewa Kirongwe na babu yangu, Seif. Baba yake Seif ni Mzee Nassor, mwenye mashamba ya minazi. Ukoo wetu ni watu wenye damu ya Kiarabu kidogo na kiburi kingi.

Wakati huo ni wa Mjerumani. Boma lake lilikuwa Chole, Kilindoni, ulipo mji wa leo, hakukuwa na kitu cha maana.

Na nyumba ya Mzee Nassor ilikuwa na watumwa.

Naomba niliseme hili bila kulizunguka. Nimefundisha historia darasani miaka zaidi ya thelathini. Nimechora ramani za misafara ubaoni, nimewauliza watoto maswali ya soko la Unguja. Sijawahi hata siku moja kusema mbele ya darasa kwamba nyumbani kwetu pia walikuwepo, kwamba kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea makuti kilikuwa chumba chao. Nilikuwa nafundisha kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali.

Kwenye hiyo nyumba kulikuwa na mpishi, mwanamke wa miaka kama arobaini, anaitwa Faida. Aliletwa kutoka bara huko upande wa Ziwa Nyasa akiwa mtoto. Bibi alisema alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa na binti mmoja, Chausiku, wa miaka kumi hivi.

Mwaka huo Mzee Nassor alikuwa ameahidi mbele ya watu msikitini: Idd ikipita, atampeleka Faida na bintiye bomani Chole waandikiwe cheti cha uhuru. Alishaugua sana kabla ya hapo, Faida akamuuguza, naye mzee akaweka nadhiri.

Kwa hiyo mnaelewa Faida alikuwa anahesabu siku.

Sasa Mwanakombo kaingia hiyo nyumba bi harusi. Fungate imeisha, mama mkwe wake, Bi Salma, akamwambia, "Haya mwanangu, kesho tuonyeshe mkono wako." Maana yake chakula cha asubuhi cha nyumba nzima apike yeye.

Hajui kupika. Akapika uji wa mabonge, chini umeungua. Bi Salma akaonja, akaweka bakuli chini taratibu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwanangu kaoa pambo."

Mwanakombo akaenda kulia nyuma ya jiko. Faida akamkuta huko.

Hakumbembeleza. Alimwambia, "Bibi mdogo, futa uso, shika kinu." Ndivyo alivyokuwa anamwita, bibi mdogo, ingawa angeweza kumzaa.

Akamfundisha siku saba, kimyakimya, Bi Salma akiwa amepumzika. Namna ya kuchagua mpunga, ukiuminya kwa kucha unatoa maziwa kidogo. Namna ya kuutwanga ukiwa wa moto bila kuuvunja. Nazi ikunwe, ikaangwe kavu kwenye kaango la udongo kwa moto mdogo, mkono usisimame, mpaka inukie na rangi iwe ya mchanga uliolowa. Iliki iingie wakati huo. Asali iingie mwisho kabisa, kaango limeshaepuliwa, la sivyo inakuwa chungu. Halafu unamwaga kwenye ungo ipoe, unaivunjavunja kwa vidole.

Lakini korosho Faida alizishughulikia mwenyewe. Mliokulia kwenye mikorosho mnajua. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Ukizichoma haraka haraka, ukazivunja hazijaiva, yale mafuta yanapaka kokwa, yanakula ngozi kama tindikali. Faida alizichomea mbali na nyumba, kwenye kigae, mpaka zinashika moto na moshi mweusi unaisha. Kisha anazifukia kwenye majivu, anazisugua, ndipo anavunja.

"Hii usiiguse peke yako," alimwambia. "Niachie mimi mpaka mkono wako uizoee."

Siku ya nane Mwanakombo akaandaa. Bi Salma akala, akaongeza. Mzee Nassor akatuma bakuli lirudi tena jikoni.

Bi Salma akauliza, "Haya, nani kakufundisha hii?"

Faida alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa.

Bibi yangu akasema, "Mama yangu, Chole."

Aliniambia hakuwa amepanga. Lilitoka tu. Alikuwa bado anasikia lile neno pambo masikioni. Baadaye akamfuata Faida jikoni kumtaka radhi, na Faida akacheka, akafunika mdomo. "Bibi mdogo, mimi natafuta cheti. Sifa utakaa nazo wewe."

Basi ikawa hivyo. Miezi ikapita. Majirani wakawa wanatuma watu kuomba "pepeta ya Mwanakombo". Bi Salma akawa anajivunia mkwe wake. Na bibi aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana siku hizi: uongo wa mara ya kwanza ulimkaba koo, wa pili ulipita, wa tatu hakuusikia kabisa. Ilifika mahali akawa anaona kweli ni yake.

Ikafika Idd.

Dada yake Mzee Nassor, Shangazi Zuwena, akaja kutoka Chole kula sikukuu kwa kaka yake. Mama mkubwa wa ukoo, mwenye neno. Bi Salma alishamsimulia mpaka basi habari za pepeta ya mkwe wake.

Siku moja kabla, mchana, jikoni hapatoshi. Faida ana mikate ya kumimina, ana nyama, ana kila kitu. Akamwambia Mwanakombo, "Andaa vingine vyote, korosho nitazichoma mwenyewe alfajiri, ziingie zikiwa mpya."

Mwanakombo akaona haya kusubiri. Nanukuu maneno ya bibi: "Nilishaitwa fundi miezi yote ile. Fundi gani anasubiri mtu amchomee korosho?"

Akazichukua, akaenda nazo nyuma ya shamba. Akachoma. Moshi ulipomzidi akaziepua, bado nusu mbichi. Majivu hakuweka. Akazivunja kwa jiwe, kokwa na maganda pamoja, mkono huohuo. Vidole vikaanza kumuwasha, kisha kuungua. Akaviosha, akavifunga kitambaa, akachanganya korosho kwenye pepeta, akafunika kwa kawa.

Faida alipouliza, akaambiwa, "Nimeshamaliza."

Asubuhi ya Idd, wanaume wametoka kuswali, bakuli la kwanza akapewa mgeni. Shangazi Zuwena akala, akasifia. Bi Salma naye akala kidogo.

Kabla ya adhuhuri midomo ya Shangazi ikavimba. Ikaja malengelenge. Ulimi ukachubuka, akawa hawezi kusema, mate yanamtoka, analia. Bi Salma naye midomo inamuwasha.

Mtu mmoja uani akatamka neno sumu. Si mnajua neno kama hilo likishatoka?

Mzee Nassor akaita watu wote wa nyumba uani. Waungwana upande huu, watumwa upande ule. Akauliza, "Kile chakula katengeneza nani?"

Watu wote wakamgeukia Mwanakombo. Si ndiye mwenyewe? Si pepeta ya Mwanakombo?

Wakuu, hapa bibi alikatisha kusimulia. Aliniomba maji. Akanywa, akashika kikombe kwa mikono miwili, na mimi nikaona vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, ngozi yake laini na nyeupe kidogo nchani. Nilikuwa nimeviona maisha yangu yote, sikuwahi kuuliza.

Alisema: "Nikaficha mkono ndani ya leso. Nikasema, leo katengeneza Faida. Mimi nilikuwa na mgeni."

Faida alikuwa amesimama pale, mikono ina unga mpaka viwiko. Bibi alisema Faida hakumtazama usoni. Alitazama pale kwenye leso, mkono ulipojificha.

Mzee Nassor akamuuliza, "Faida, kweli?"

Angesema nini, wakuu? Neno la mtumwa juu ya neno la mke wa mtoto wa nyumba, na shangazi yumo ndani analia.

Faida akasema, "Kama bibi mdogo kasema, basi ndivyo."

Alipigwa. Bibi hakuniambia kiasi gani, na mimi sikuuliza. Cheti kikafutwa. Mzee Nassor akasema nadhiri haiwezi kumfunga kwa mtu aliyewalisha wageni wake sumu siku ya Idd. Faida na bintiye wakapelekwa shamba la mbali kufua nazi na kuanika mbata. Kufua nazi kule ni kazi ya wanaume wenye vifua. Unasimama kwenye kifuo cha chuma kutwa nzima, unazichoma nazi juu yake kuzitoa makumbi.

Baada ya siku kumi Shangazi Zuwena akapona. Na cha kwanza alichosema midomo ilipofunguka ni hiki: "Ile si sumu. Ile ni korosho mbichi, mimi nimezaliwa kwenye mikorosho. Mtu kachoma kwa haraka."

Mnaona? Mlango ulifunguka. Bibi alikuwa amekaa pale pale mkekani. Kilichobaki ni kusema, ni mimi.

Mzee Nassor akajibu, "Sumu au uzembe, yote mamoja," akaendelea na kahawa yake. Na bibi yangu akaendelea kushona kofia.

Mwezi ukapita hajalala vizuri, akamwambia mumewe. Akamfunulia na vidole. Babu Seif akavitazama, akauliza swali moja:

"Umeshamwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi ibaki hapa. Utamwaibisha mama."

Bibi aliniambia: "Na mimi nikafurahi, mjukuu wangu. Nilipoambiwa ninyamaze, nilifurahi. Ya uani nilikuwa na hofu. Hii ya pili sikuwa na hofu yoyote, nilikuwa na raha. Hiyo ndiyo inayonila."

Faida alikaa shamba karibu miaka miwili. Kisha siku moja mchana kweupe akamshika bintiye mkono, akatembea mpaka pwani, akavuka Chole, akaenda kukaa mlangoni pa boma. Inasemekana alikaa siku nyingi, anafukuzwa anarudi. Mwisho akasikilizwa, akaandikiwa cheti chake yeye na Chausiku. Mzee Nassor hakumfuata. Labda nadhiri ilimrudia, sijui.

Akabaki Chole. Akawa anatengeneza pepeta, watu wanakuja kuchukua asubuhi kwa ajili ya chai yao. Kwa mara ya kwanza ikaitwa kwa jina la mikono iliyoitengeneza. Lakini hiyo ilikuwa Chole. Kirongwe iliendelea kuwa ya Mwanakombo.

Miaka michache baadaye bibi akaenda Chole kumwona mama yake, ana mimba ya mtoto wa pili. Akapita uchochoroni, akamkuta Faida amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, anakaanga nazi.

Hapa niseme jambo pembeni kwa vijana. Hii shikamoo tunayopeana leo, enzi hizo mtumwa ndiye aliyemwambia bwana wake, hata bwana awe mtoto wa juzi. Faida alimwambia bibi yangu shikamoo kila asubuhi, na bibi, miaka kumi na saba, alikuwa anaitikia marahaba.

Bibi akasimama pale njiani, watu wanapita, akasema, "Shikamoo, mama."

Faida akaendelea kukoroga.

Bibi akasubiri. Watu wakaanza kutazama.

Faida akasema, bila kuinua uso, "Niachie mwanga. Nazi yangu itaungua."

Bibi akasogea, akaenda zake. Hakurudi tena. Aliniambia alikuwa amejiandaa kutukanwa, angetukanwa angeshukuru. Ile shikamoo isiyojibiwa alikufa nayo.

Alipomaliza kunisimulia, alinishika mkono. "Mimi nimeshindwa. Wewe umesoma, una mdomo. Nikifa, nenda Chole kwa watu wake. Waambie ni mimi."

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Akafariki mwaka uliofuata.

Sikwenda.

Nina orodha ndefu ya sababu. Nilipangiwa Singida. Nikaolewa. Watoto. Nikasema nitaenda likizo. Likizo nikienda Mafia, nasema safari hii muda mfupi. Nilishafika mpaka pwani ya Utende mara mbili, naiona Chole ile pale, unaweza hata kuhesabu minazi, nikageuza. Ukweli ni kwamba niliona aibu kwenda kugonga mlango wa watu na kusema maneno yale. Na kuna kiburi pia. Kule kwetu bado kuna watu wanajua nani alikuwa wa nani, na mimi nilikuwa nimezaliwa upande wa waliokaa kwenye viti.

Miaka arobaini na kitu.

Mwezi jana binti yangu akanitumia video ya mzungu anatengeneza granola kwenye oveni. Akaniandikia, "Mama, si pepeta hii?" Nikacheka, nikaingia jikoni, nikatengeneza, nikapiga picha, nikawawekea. Kichwa cha habari nikaandika bila hata kufikiri.

Hapo bado ningejitetea, ningesema ni maneno tu ya mtandaoni.

Ila siku ya tatu kuna mkuu humu, sijui kama anasoma, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Mkuu, bibi yako alijifunzia wapi hii kitu?"

Nikaandika: "Kwa mama yake, Chole."

Nikatuma. Nikaweka na kale kauso kanakotabasamu.

Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Mbagala, feni inazunguka. Nikayasoma yale maneno kwenye simu. Ni yaleyale, wakuu. Neno kwa neno. Hakuna mama mkwe aliyenitazama, hakuna aliyeniita pambo, hakuna aliyenitisha. Nilidanganya kwa ajili ya laiki.

Nilishikwa na aibu mpaka nikasikia joto shingoni, niko peke yangu chumbani.

Wiki iliyofuata nikaenda Mafia. Safari hii nilivuka.

Chole ni ndogo, nikauliza watu wa Chausiku, yule ambaye mama yake alikuwa akitengeneza pepeta, nikaonyeshwa kwa mtoto wake, mjukuu wa Faida. Tumwite Bi Hadija, si jina lake. Ana miaka themanini na ushee. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikakaa. Nikajitambulisha. Nilipotaja Kirongwe na jina la Mzee Nassor, mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Ahaa," akasema. "Watu wa korosho."

Ndivyo tunavyoitwa kwenye ile nyumba. Miaka yote hii. Sisi tukijiona ukoo wa mashamba, wao wanatuita watu wa korosho.

Nikamsimulia yote, kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Yeye alikuwa anatoa mchanga kwenye mchele, anatupa pembeni. Nilipofika kwenye habari ya uani akanikatiza.

"Mama yangu alikuwepo pale uani. Mtoto ni mfupi, macho yake yalikuwa usawa wa ile leso. Aliviona vidole vya bibi yako."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua. Tulikuwa hatujui tu kama nyinyi mnajua."

Nikafuta macho kwa mtandio.

Halafu akaniuliza, "Na huyo Faida unayemtaja taja ni nani?"

Nikashangaa. "Bibi yako, mama."

"Bibi yangu aliitwa Nambewe. Hilo jingine ni la nyumbani kwenu, mlimpa kama mtu anavyompa jina punda. Siku ya cheti, karani alimuuliza, jina lako? Akasema Nambewe. Karani akamwambia hapa imeletwa habari ya Faida. Akasema, Faida hayupo, niliyekuja ni mimi."

Nikamwomba radhi. Kwa niaba ya bibi, na kwa niaba yangu kwa kuchelewa.

Akatikisa kichwa. "Radhi mimi sina ya kukupa. Aliyekuwa nayo amekufa. Ndugu zako wanajua habari hii?"

"Hapana."

"Basi umeanza mwisho. Kaanze mwanzo. Ukimaliza, njoo, nikuambie alikuwa mtu gani. Alikuwa na vituko sana bibi yangu."

Akaniitia mtu wa kunisindikiza mpaka kwenye mashua. Chakula hakunipa, wala mimi sikutegemea.

Nilipofika Dar nikaandika kwenye grupu la familia. Watu arobaini na mbili. Niliandika kirefu, kama hapa. Wote wamesoma. Kwa siku nzima hakuna aliyesema kitu. Kisha binamu yangu mmoja akaandika kwamba nawadhalilisha wazee waliokwisha kufa. Baba mdogo akatoka kwenye grupu. Kaka yangu ndiye pekee aliyepiga simu. Akasema, "Tulikuwa tunagombania ukoko wa ile pepeta, unakumbuka?" Akakata.

Nitaendelea kuwaambia mmoja mmoja, kwa mdomo. Wa kwanza nimepanga kumwona Jumatano.

Nilichojifunza ni kidogo na kinauma. Nilikuwa nafikiri aibu ya bibi ni yake, mimi nimebebeshwa ujumbe tu. Kumbe kila mwaka niliokaa kimya nilikuwa nakula na mimi, tena kwa raha, na nikapika nyingine yangu mwenyewe juu yake. Na nimejifunza kwamba ninaowaonea huruma kwa siri hawakuhitaji huruma yangu. Walihitaji nifungue mdomo.

Kama kwenu kuna kitu cha namna hii, wazazi waliwaachia neno la kupeleka mahali na hamjalipeleka, niambieni mlifanyaje, au kwa nini hamjafanya. Na kama kuna mtu wa Mafia humu anayeona nimekosea kulisema hadharani, aseme pia, nitasoma yote na sitabishana. Wa kutukana watukane, ila wamwache bibi, wanitukane mimi niliye hai.

Nambewe. Nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na jina hili nimelijua juzi.